Tone la Kwanza la Nemesio Colque

Mgodini anayeitwa Mjomba ni mmoja tu. Ni sanamu ya pepo mwenye mgodi: ana pembe mbili, macho ya gololi, na sigara mdomoni ambayo wachimbaji humwashia kila Ijumaa, maana madini yote ya chini ni yake, na asiyemsalimu hatoki salama. Kwa hiyo wasichana wa darasa la uuguzi pale mjini Oruro walipoanza kumwita Nemesio Colque "Mjomba", aligeuka na kiti chake kizima.

"Niiteni mzee, niiteni babu, niiteni hata punda," aliwaambia. "Mjomba nimemwacha kule chini, na sitaki asikie kuna mtu amemwibia jina."

Walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Tangu siku hiyo wakamwita Punda.

Hakujali sana. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, na zaidi ya nusu ya hiyo aliimalizia chini ya ardhi akitoboa mwamba wa bati. Mikono yake ilikuwa mipana na mikavu kama magome ya mti. Glovu kubwa kuliko zote chuoni zilimpasukia mara tu alipokunja vidole. Mwanamume darasani alikuwa peke yake. Mabinti waliomzunguka walikuwa na umri wa wanawe. Waliandika haraka, majina ya dawa yaliwanasa kichwani mara moja, na masomo yakiisha walikwenda kufanya mazoezi ya ngoma ya kanivali. Yeye alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akatafuna majani ya koka, akasoma tena ukurasa alioumaliza jana, kwa sababu ulikuwa umekwisha kumtoroka.

"Ukurasa ni kama lama," alimwambia Yoselín, binti aliyekaa naye dawati moja. "Usipomfunga kamba, asubuhi hayupo."

"Basi wewe, Punda, una zizi tupu," Yoselín akamjibu, lakini akamsogezea daftari lake anakili.

Kilichomleta huko ni zahanati. Pukasalla, kambi ya wachimbaji alikozaliwa, iko juu kabisa mlimani, mahali ambapo maji huganda ndani ya ndoo. Serikali iliwajengea zahanati ya kuta nzuri, ikaipaka rangi, ikaweka kitanda na kabati la dawa. Ikawa inaleta manesi kutoka mjini. Walikuja wakati wa joto, na baridi ya kwanza ilipouma wakafunga mizigo. Na hata walipokuwapo, walikuwa wakali. Mmoja alimfukuza Mama Faustina kwa sababu alikuja na kidonda cha mguu kilichopakwa mafuta ya nyoka. Mwingine alitupa kondo la nyuma la mtoto kwenye pipa la takataka, wakati baba amesimama mlangoni na jembe, anasubiri kulizika nyumbani kama baba yake alivyolizika lake. Watu wakaacha kwenda. Walibaki na majeraha yao majumbani, wengine wakazikwa nayo. Mwishowe mkuu wa afya akapanda mlimani na gari lake, akawaambia: leteni mtu wenu mwenyewe aliyesoma na kufaulu, nimwajiri hapa, msipomleta, jengo hili naligeuza ghala.

Mkutano wa kambi ukakaa uwanjani, watu wamejifunika mablanketi. Severo Condori, mwenyekiti wa ushirika wa wachimbaji, mtu mwenye sauti ya kushindana na baruti, akampendekeza mpwa wake wa kike. Mpwa alikuwa amekaa papo hapo. Akasema hataki, yeye anakwenda Chile kuuza nguo. Watu wakatazama viatu vyao.

"Nitakwenda mimi," Nemesio akasema.

Walidhani anatania. Kisha wakamwona amesimama, kofia mkononi.

"Wewe?" Severo akauliza. "Ukavae gauni jeupe?"

"Likinitosha nitalivaa."

"Bwana we, wewe mtu wa nyundo na tindo! Ukimchoma mtu sindano si itatokea upande wa pili?"

"Nitaanza na wewe, Severo. Kwa makalio hayo, sindano itachoka njiani."

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Lakini mikono ilipohesabiwa, zamu ilikuwa yake. Na Pukasalla, mtu akipewa zamu na mkutano, haitui mpaka aimalize. Ni hivyo kwa anayelinda maji, ni hivyo kwa anayebeba bendera ya mtakatifu, ikawa hivyo kwake.

Asunta, mkewe, alisubiri mpaka walipofika nyumbani. Akaweka mezani chungu cha chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi, akasema, "Umetamka mbele ya watu."

"Nimetamka."

"Basi nenda. Na ukishindwa, Neme, usinirudie na visingizio. Nirudie na sukari. Visingizio havipikiki."

Shule aliiacha darasa la tano, siku baba yake alipomkabidhi nyundo. Ilimbidi kwanza amalize sekondari kwa masomo ya watu wazima, akibanana kwenye madawati na wauza mboga na askari wastaafu. Ndipo chuo kikampokea. Hapo alikutana na Bi Arancibia, mwalimu wa mafunzo kwa vitendo, mwanamke mfupi mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisifu. Aliyefanya vibaya alimwambia, "Rudia." Aliyefanya vizuri alimwambia, "Endelea." Basi.

Kwa muda mrefu Nemesio aliambiwa "Rudia" tu. Walijifunza sindano kwa kuchoma machungwa, na chungwa lake la kwanza alilitoboa mpaka kwenye kiganja chake mwenyewe. Bendeji yake ya kwanza ilibana mkono wa Yoselín mpaka vidole vikageuka bluu. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa sababu mwamba ni mgumu. Angeshangaa kama ungekuwa laini. Alifunga bendeji kwenye mguu wa meza, kwenye mpini wa fagio, kwenye shingo ya chupa. Alichoma machungwa mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama amekuwa mganga. Polepole mikono ile mikubwa ikajifunza wepesi. Siku moja Bi Arancibia akapita nyuma yake, akasimama, akatazama.

"Endelea," akasema.

Yoselín akamgonga kwa kiwiko. "Umesikia, Punda? Hiyo kwake ni busu."

Jumamosi moja, Severo na wachimbaji wengine walishuka mjini na gari la madini, wakamkuta kibandani anakunywa uji wa mahindi ya zambarau, koti jeupe limekunjwa kwenye paja.

"Shikamoo, Sista Nemesio!" Severo akapaza sauti, na kibanda kizima kikageuka. "Tuombee!"

"Nimekwisha kuomba. Nimeomba upate jipu."

Wenzake wakacheka, Severo akavuta kigoda. "Kwa kweli bwana, huoni aibu? Watu wanasema Colque siku hizi anasafisha watu vinyesi."

"Nasafisha. Na wewe siku ukianguka kitandani utasafishwa, na utataka asafishe mtu anayekujua."

"Mimi? Nikifa nifie chini, kama mwanamume."

"Mwanamume hafi chini, Severo. Anafia nyumbani, anakohoa, mkewe ameshika beseni. Uliyabeba majeneza hayo pamoja nami. Usinidanganye mbele ya uji wangu."

Severo akatazama pembeni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida, "Mtihani lini?"

"Mwezi ujao."

"Ukishindwa, jengo nalichukua mimi. Ushirika unahitaji pa kuwekea mashine."

"Chukua vipimo vya mashine zako ukaziweke jikoni kwa mkeo," Nemesio akasema, akamaliza uji.

Mtihani wa vitendo ulifanyika kwenye chumba cha mafunzo. Kitandani alilazwa mdoli wa plastiki ambaye wanafunzi walimwita Bwana Mpira, mguuni ana kidonda cha kuchora. Kila mwanafunzi aliingia kwa zamu yake, wengine wakitazama kutoka kwenye mabenchi ya nyuma. Bi Arancibia alisimama upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili alisimama mgeni, Daktari Urioste, mtahini aliyealikwa kutoka nje ya chuo, kijana nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa.

Yoselín alipita kabla yake, akafaulu, akarudi kwenye mabenchi ya nyuma. Kisha akaitwa Nemesio Colque.

Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alivaa glovu, hazikupasuka. Alipanga shashi na kibanio pale vinapotakiwa. Alimsalimu Bwana Mpira na kumweleza anachotaka kumfanyia, kama kitabu kinavyotaka, na mabinti nyuma wakajizuia wasicheke. Alifunua kidonda, akatupa bendeji ya zamani kwenye bakuli la taka. Kila kitu kilikwenda sawa. Kisha akachukua chupa mpya ya spiriti, ya kusafishia ngozi iliyozunguka kidonda, akaizungusha kifuniko.

Harufu ikapanda.

Wachimbaji wa kule hunywa pombe kali isiyochanganywa na kitu, yenye harufu ileile. Na kule hakuna binadamu anayefungua chupa mpya, iwe ya pombe, iwe ya bia, iwe ya soda ya mtoto, akaanza yeye. Tone la kwanza ni la Pachamama, Mama Ardhi, anayetulisha na atakayetula. Unamwaga chini, ndipo unakunywa. Nemesio alilifanya hilo tangu ana meno ya utotoni. Mkono haukumuuliza kichwa. Chupa ikainama, spiriti ikamwagika sakafuni, palepale karibu na kiatu kinachong'aa cha Daktari Urioste.

 Hata aliyekuwa anatafuna ubani nyuma akaacha.

"Hiki ni nini?" Daktari Urioste akauliza. Akatazama kiatu, akamtazama Nemesio, akaanza kucheka. "Jamani, huyu amemwaga sadaka! Tupo chumba cha tiba, bwana, hatupo shimoni kwenu. Kesho utatuchinjia lama kwenye kizingiti?"

Nemesio akasimama na chupa mkononi. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Bi Arancibia akakohoa kidogo. Akasema taratibu, kila neno peke yake, kama mtu anayemwekea mwenzake mawe ya kuvukia mto. "Colque. Kitabu kinasema chupa ikifunguliwa, dawa ya kwanza imwagwe kwenye bakuli la taka, ili isafishe mdomo wa chupa. Nadhani ulikuwa unasafisha mdomo wa chupa. Ukakosea bakuli. Ndivyo?"

Mabenchi ya nyuma yote yakapumua. Mlango ulikuwa wazi. Yoselín alikuwa anamtikisia kichwa kwa nguvu mpaka hereni zinalia: sema ndiyo, Punda, sema ndiyo. Angekatwa alama kidogo za bakuli, angeendelea, angefaulu. Neno moja tu.

Nemesio akaliona neno hilo, likamkaa ulimini. Akalitema.

"Hapana, mwalimu. Nilimpa Pachamama."

"Mungu wangu," Yoselín akanong'ona.

"Kumwaga sakafuni nimekosa," Nemesio akaendelea. "Sakafu imelowa, mgonjwa anaweza kuteleza, nesi mwenzangu anaweza kuteleza. Hilo nikateni. Lakini nisiseme nilikuwa nasafisha chupa. Sikuwa nasafisha."

Daktari Urioste hakuwa anacheka tena. "Umeshindwa," akasema. "Na nikuambie jambo. Kurudia unaruhusiwa mara moja tu. Siku utakayokuja kurudia, kabla hujagusa hata pamba, utasimama mbele ya wenzako useme mambo haya ni ujinga wa kishamba na umeyaacha. Nikilisikia hilo, nitakutahini. Nisipolisikia, usinipotezee asubuhi."

"Nitarudia mtihani," Nemesio akasema. "Hayo mengine sitayasema."

Akavua glovu, akazitupa kwenye bakuli la taka, akachukua tambara, akapiga magoti, akapangusa sakafu. Kisha akatoka.

Habari mbaya haihitaji gari. Aliposhuka kwenye lori pale Pukasalla, Severo alikuwa tayari anamsubiri njiani, mikono mifukoni.

"Kwa hiyo mwanangu umeshindwa kwa tone," akasema. "Umevuka vitabu vyote vile, ukazama kwenye tone!"

"Narudia mtihani."

"Unarudia, lakini wameniambia kuna maneno ya kusema. Yaseme basi! Maneno ni upepo. Sema ni ushamba, chukua cheti chako, rudi huku umwage unavyotaka. Nani atajua?"

Nemesio akamtazama vizuri. Huyu ndiye mtu ambaye kila Ijumaa, bila kukosa, alimwashia Mjomba sigara na kumwagia pembe zake pombe, na aliyewahi kumpiga kijana makofi kwa kuacha kufanya hivyo.

"Wewe ungesema, Severo?"

"Si mimi ninayetafuta cheti."

"Jibu."

 Severo akatema koka pembeni. "Una kichwa kigumu kuliko mwamba," akasema, akaondoka zake.

Nyumbani, Asunta alikuwa anamenya viazi. Kwa mkewe Nemesio hakuwa na ujanja. Akamweleza yote, tangu chupa mpaka tambara. Sukari alikuwa ameileta, akaiweka mezani.

"Na wewe unataka nini?" Asunta akauliza.

"Nataka cheti. Nakitaka mpaka meno yananiuma. Nimekaa na watoto miaka yote hii, nimeitwa Punda, nimechoma machungwa. Nikikikosa, zahanati inakuwa ghala la Severo, na mimi narudi chini kuchimba. Sijui kama kifua changu kinataka tena kurudi chini."

"Basi sema maneno yao."

"Unaniambia hivyo wewe?"

"Sikuambii. Nakuuliza." Asunta akaweka kisu chini. "Wale manesi wa mjini walikuwa na vyeti, Neme. Vyote vya kwelikweli, vya mhuri. Mama Faustina alirudi kwao mara ya pili?"

"Hakurudi."

"Kwa nini?"

"Walimtukana."

"Sasa wewe ukitutukana wote kwa mpigo, mbele ya darasa zima, ili upate cheti, Mama Faustina atakuletea mguu wake? Atakuwa amesikia. Huku kila kitu kinasikika. Utakuwa na cheti ukutani na kitanda kitupu. Hilo nalo ni ghala, ila lina rangi nzuri." Akachukua kisu, akaendelea kumenya. "Na lile la kumwaga sakafuni ulikosea kweli. Hata mimi ningekupiga. Mimi napiga deki."

Nemesio akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya mtihani. Akachukua kisu cha pili, wakamenya pamoja.

Siku ya kurudia, mabenchi yalijaa. Waliokwisha kufaulu hawakuwa na sababu ya kuwapo, lakini walikuja wote, Yoselín mbele kabisa na hereni zake. Bwana Mpira alikuwa kitandani na kidonda chake kilekile. Bi Arancibia alisimama mahali pake. Daktari Urioste naye alisimama mahali pake, mikono amekunja kifuani.

"Tunakusikiliza," akasema.

"Nimekuja kufunga kidonda," Nemesio akajibu.

"Kwanza ile kauli."

"Daktari, kauli sina. Nina mikono, na iko safi. Kidonda kile pale."

"Basi mtihani hakuna." Daktari akageuka kwa Bi Arancibia. "Bi Arancibia, andika hakutokea."

Bi Arancibia akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake, akaivaa tena. Alichukua muda wake.

"Daktari, mimi siandiki kwamba hakutokea mtu ambaye ninamwona," akasema. "Sheria ya chuo inasema anayeshindwa anarudia. Kauli haimo. Wewe ni mgeni wetu, alama zako ni zako, weka upendavyo. Darasa ni langu. Colque, anza."

Akaanza. Alinawa. Akavaa glovu. Akapanga vifaa, akamsalimu Bwana Mpira, na safari hii hakuna aliyecheka. Akafunua kidonda. Kisha akachukua chupa mpya ya spiriti, na shingo zote mabenchini zikarefuka, maana kila mtu alijua wamefika wapi.

Akafungua. Harufu ikapanda ileile. Akalivuta bakuli la taka karibu. Akainua macho, akamtazama Daktari Urioste, na bila kupunguza sauti, kwa lugha ya mama yake na kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani, akasema, "Pachamama, pokea, wa kwanza ni wewe." Akamwaga. Tone la kwanza na matone machache baada yake yakaangukia ndani ya bakuli, katikati kabisa. Sakafuni hapakulowa hata mahali pa kutua nzi.

"Amefanya tena!" Daktari akafoka. "Mmesikia? Amesema kabisa, mbele yangu!"

"Nimemsikia," Bi Arancibia akasema. "Na nimeona mdomo wa chupa umesafishwa, bakuli ni sahihi, sakafu kavu. Colque."

"Naam, mwalimu."

"Endelea."

Akaendelea. Akasafisha kuanzia ndani kwenda nje, shashi mpya kila mara, mkono mmoja haukuvuka mwingine. Bendeji ilipanda mguu wa Bwana Mpira mizunguko iliyolingana kama ngazi za mgodi mzuri, akaifunga, akaingiza kidole chini yake kupima isibane. Alipomaliza akamwambia mdoli, "Pole, mzee, tumemaliza," akarudi nyuma hatua moja.

Daktari Urioste alimpa sifuri. Aliiandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Alama za Bi Arancibia zilikuwa nyingi kiasi kwamba hata baada ya kuchanganywa na ile sifuri, Nemesio alipita, kwa kujibana kama mtu anayetoka kwenye tundu jembamba. Alikuwa mtu wa mwisho katika orodha ya waliofaulu. Yoselín alimrukia shingoni.

"Punda wewe! Ungekufa pale!"

"Nimeshazoea matundu membamba, binti," akasema. "Huwa natoka."

Bi Arancibia hakuja kumpongeza. Alipita mlangoni na mafaili yake kwapani, akasema bila kusimama, "Spiriti uliyomwaga mara ya kwanza ilikuwa nyingi kuliko inavyotakiwa. Ni mali ya chuo." Akaenda zake.

Baridi ya kwanza ilipouma Pukasalla mwaka ule, zahanati ilikuwa na taa. Mama Faustina alikuwa wa kwanza kwenye benchi kila Jumatatu, mguu wake unapakwa dawa ya kabati, na mafuta ya nyoka anajipaka mwenyewe gotini, mbali na kidonda, kama walivyokubaliana baada ya mabishano makali. Aliyejifungua hapo aliondoka na mtoto, na kondo la nyuma ndani ya kitambaa safi.

Severo Condori alivumilia mpaka jiwe lilipomsaga kidole. Aliingia uso umekunjamana, mkono umefungwa soksi, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Sitaki maneno," akasema.

"Sina maneno. Toa soksi."

Nemesio akanawa. Akavaa glovu. Akapanga vifaa, akavuta bakuli la taka, akafungua chupa mpya, akalimwagia bakuli tone la kwanza na maneno yake. Severo alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mbona kwenye bakuli?" akauliza. "Mwage chini, bwana! Hapa si mjini, hapa nani atakukataza? Mama yuko chini, hayupo kwenye bakuli."

"Bakuli hilo namwaga nje, kwenye udongo, nikimaliza. Atapata chake."

"Lakini desturi ni chini. Tangu babu zetu."

"Sakafu hii haimwagiwi kitu."

"Unasema nini wewe? Uliwakatalia madaktari, ukasimama kidete, leo unakuja kunikatalia mimi?"

"Nakukatalia na wewe," Nemesio akasema, akakishika kile kidole, wepesi kama anashika yai. "Mtu atateleza. Kuna vizee hapa. Na anayepiga deki ni Asunta, kama una la kusema nenda ukamwambie yeye."

Mama Faustina, pale kwenye benchi, akacheka mpaka shali ikamwanguka. Severo akasonya, akageuza uso ukutani, akafumba macho.

"Basi fanya upesi, Sista."

"Nyamaza," Nemesio akasema. "Nesi yuko kazini."